Siku 12 za kempa na watoto visiwani Uskoti: tafuta feri kwanza, gari baadaye

Dada mmoja anayeishi Leicester, kwao Mombasa, kaniandikia swali refu, nalifupisha hapa. Wana siku 12 mwezi wa Agosti, yeye na mume wake na watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 11, wanataka kukodi kempa van, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, wazunguke visiwa vya Uskoti. Kwenye listi yake kuna Skye, Mull, Barra, Harris, Lewis na Orkney. Yeye ana leseni ya hapa Uingereza ila ni ya otomatiki, mume wake kaingia Oktoba mwaka jana na bado anatumia leseni ya Kenya. Kempa wameshaiona mtandaoni, imeandikwa ya kulala wanne, bado kidogo tu walipe. Mwisho kabisa anauliza swala itakuwaje na nyama halali wataipata wapi.

Dada yangu, usilipe bado. Mimi kazi yangu ni kuandaa na kukodisha haya magari hapa Glasgow, kwa hiyo ningefurahi kukwambia lipa haraka, lakini karibu kila familia inayokwama visiwani imekwama kwa sababu ile ile, wamelipia gari wiki mbili halafu ndo wanaanza kutafuta nafasi kwenye feri wanakuta Agosti yote imejaa. Hapa haiendi kama Likoni kwamba unapanga foleni ukifika zamu yako unaingia. Feri za huku kwetu magharibi, za CalMac, nafasi ya gari unakata mapema, unaandika urefu wa gari lako, na ratiba ya kiangazi ikishafunguliwa nafasi za magari makubwa ndo zinaisha kwanza manake sehemu yenye dari ya kutosha kule ndani ya meli si meli yote. Abiria wa miguu anaweza kuamka asubuhi akaenda, kempa haiwezi. Kwa hiyo safari yako unaipanga kuanzia feri kurudi nyuma, feri ikikubali tarehe ndo unamwambia mwenye gari tarehe zako.

Na tarehe zenyewe, kuna siri moja ambayo watu wa England wengi hawaijui. Shule za Uskoti zinafunga mwisho wa Juni na zinafungua katikati ya Agosti, nyingi za England zinafunga mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Septemba, ila za Leicester huwa zinafungua mapema kidogo, kwa hiyo angalia kalenda ya shule yenu. Maana yake mwanzo wa Agosti mnakuwa nyote huko, nusu ya pili ya Agosti wenyeji wamerudi shule mmebaki nyie tu. Kama kazini wanakuruhusu na shule ya watoto haijafunguliwa chukua wiki mbili za mwisho za Agosti, utaona tofauti kwenye feri, kwenye kambi, hata kwenye bei.

Sasa listi. Orkney itoe. Iko kaskazini kabisa, feri zake za kampuni nyingine, unavuka kutoka Scrabster kwenda Stromness kama saa moja na nusu, ni safari yake peke yake na inastahili safari yake peke yake. Mull nayo itoe, ni nzuri sana lakini unaweza kuja wikendi moja kutoka bandari ya Oban. Skye najua itakuuma, kila mtu kaiona Instagram, lakini Skye ina daraja tangu 1995 na tozo zake zilifutwa 2004, kwa hiyo kila gari Uingereza nzima linaweza kuingia bila feri na Agosti yanaingia kweli. Vivutio vyake kama lile jiwe la Old Man of Storr na madimbwi ya Fairy Pools unalipia parking, na hiyo parking uipate kwanza. Kwa watoto wa miaka 6 na 11 kukaa foleni ya magari nusu ya siku kuangalia jiwe, mi naona bora uiache au uipitie usiku mmoja tu.

Kinachobaki ni Outer Hebrides, yaani ule mnyororo wa Barra, South Uist, Benbecula, North Uist, Harris na Lewis, kutoka chini mpaka juu ni kama maili 130. Hapo ndo penyewe. Visiwa vimeunganishwa kwa tuta za kupita magari, Vatersay imeunganishwa na Barra mwaka 1991, Eriskay na South Uist 2001, kwa hiyo ndani ya mnyororo wote unabakiwa na feri ndogo mbili tu, ya Barra kwenda Eriskay kama dakika 40, na ya Berneray, juu ya North Uist, kwenda Leverburgh huko Harris kama saa moja, hii ya pili inapita katikati ya miamba inajipindapinda mpaka watoto wanashangaa nahodha anaona wapi. Hizo ndogo nazo kata mapema, watu wanazisahau kwa sababu ni ndogo halafu wanakwama hapo hapo.

Mimi ningewapanga hivi. Mnachukua gari Jumamosi Glasgow, usilichukulie Leicester, hakuna faida ya kuendesha dude refu maili 300 za motorway kuja na 300 kurudi, njooni na gari lenu dogo au treni na muulize mwenye kempa kama mnaweza kuliacha gari lenu yadi kwake, wengi wanakubali. Jumamosi hiyo hiyo mnaenda Oban, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, mnafanya shopping kubwa, mnalala. Jumapili feri ya Oban kwenda Castlebay, Barra, ni karibu saa tano baharini, kama kuna mtu anatapika tapika dawa anywe kabla meli haijatoka, akianza kuumwa ndo anywe imeshachelewa. Barra usiku wa Jumapili na Jumatatu. Jumanne mnavuka Eriskay, mnakaa Uist usiku tatu. Ijumaa mnavuka Harris, hapo tena usiku tatu, Ijumaa Jumamosi Jumapili. Jumatatu Lewis, Jumanne feri ya Stornoway kwenda Ullapool, safari ya saa mbili na nusu na kitu, mnalala bara, Jumatano mnarudisha gari jioni.

Ona nimeweka usiku mmoja wa bara kabla ya kurudisha gari. Huo usiuguse. Upepo ukichafuka feri inafutwa, meli ikiharibika inafutwa, na baadhi ya meli za huku zina umri mkubwa kila mtu anajua. Mwenye gari atakuchaji ukichelewa na mara nyingi hataki kusikia habari ya feri. Kama unaweza kupata nusu ya siku zaidi iweke hapo hapo mwishoni.

Na kama Oban–Castlebay imejaa, usikate tamaa, hapo ndo Skye inarudi, unapita darajani mpaka Uig unavuka kwenda Lochmaddy huko North Uist au Tarbert huko Harris, kama saa moja na dakika 40 na kitu, Barra unaikosa lakini safari ipo. Pia watu wanaahirisha kila siku, kwa hiyo ukikosa leo angalia tena kesho asubuhi na keshokutwa, nafasi zinarudi.

Kwa nini Harris nimeiweka Ijumaa mpaka Jumapili, ni makusudi. Harris na Lewis ni watu wa dini sana, Wakristo wa Presbiteri, Jumapili ni siku ya mapumziko kwelikweli. Feri ya Jumapili kutoka Stornoway ilianza mwaka 2009 tu na ilikuwa na makelele mengi. Jumapili maduka mengi yamefungwa, pampu za mafuta nyingi zimefungwa. Stornoway kuna supamaketi moja kubwa imeanza kufungua Jumapili mwishoni mwa 2024 lakini usipange maisha yako juu yake. Kwa hiyo Jumamosi jaza mafuta, jaza maji, nunua mkate, halafu Jumapili mkae pale pale ufukweni hamuendi popote. Wala usianike nguo nje siku hiyo, hakuna atakayekwambia kitu lakini ni adabu tu kwa wenyeji. Barra na South Uist ni Wakatoliki, kwao Jumapili ni nyepesi zaidi, ndo maana kuingia Barra Jumapili hakuna shida.

Sasa gari. Swali la kwanza muulize mwenye gari, mikanda mingapi? Usiulize vitanda. Kempa nyingi zinaandikwa za kulala wanne na zina siti mbili tu za mkanda, na hilo tangazo ulilonitumia picha yake siti za nyuma naziona zimekaa ubavu. Sheria ya hapa mtoto anakaa kiti cha mtoto mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kimojawapo kitangulie, na kiti cha mtoto hakifungwi kwenye siti ya ubavu, lazima siti iangalie mbele au nyuma. Kwa hiyo wa miaka 6 lazima, na wa 11 mpime urefu leo. Hiyo gari kwa macho yangu haiwafai, ila muulize mwenyewe.

Swali la pili leseni. Wewe ya otomatiki haikuruhusu kuendesha gari la klachi, na kempa nyingi za kukodi ni za klachi. Shemeji kisheria yuko sawa, leseni ya Kenya anaruhusiwa kuendeshea hapa miezi 12 tangu alipoanza kuishi, Agosti bado atakuwa ndani ya muda, ila baada ya hapo lazima afanye mtihani wa hapa kwa sababu Kenya haipo kwenye nchi za kubadilishana leseni. Lakini sheria kukuruhusu ni jambo moja na bima ya mwenye gari ni jambo lingine. Wengi wanataka dereva wa miaka 25 kwenda juu, aliyekaa na leseni muda fulani, na wengine leseni ya nje ya Ulaya hawaitaki kabisa. Uliza kwa maandishi, pata jibu kwa maandishi, ndo ulipe. Kama wamemkataa shem, tafuta kempa ya otomatiki uendeshe wewe, zipo, ni chache na ghali kidogo. Uzuri ni kwamba sote tumezoea kushoto, hapo mna raha kuliko Wajerumani ninaowapa magari.

Hayo mengine haraka haraka. Uzito, leseni ya kawaida ni mpaka kilo 3,500 pamoja na mizigo, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo msisafiri na tangi limejaa pomoni na magaloni juu. Urefu, pima mpaka mwisho wa kibebeo cha baiskeli, ukiandika mita 6 kwenye feri ukafika na 6.7 wanaweza kukurudisha. Gesi inafungwa kabla ya kuingia melini. Ekses, yaani ile pesa unayokatwa gari likikwaruzwa, iulize ni ngapi na uipige picha gari yote kabla hujatoka, paa pia. Kwa Agosti tarajia pauni 100 mpaka 200 kwa siku kutegemea gari, ukiona chini sana ya hapo jiulize kwa nini.

Halafu hili naliandika peke yake kwa sababu nawajua watu wetu. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wala kwenye hema lililoungana na gari, hata likiwa limezimika, hata kama ni kupasha joto dakika tano. Ile hewa ya mkaa haina harufu na watu wamekufa kwenye kempa na mahema hapa hapa Uingereza. Mishikaki mchome nje, kwenye mawe au mchanga mtupu, na yale majiko madogo ya kutupa ya foili msiyaweke juu ya majani yanaunguza.

Barabara. Sehemu kubwa ya visiwa hivi ni barabara ya upana wa gari moja tu, kila baada ya kipande kuna sehemu ya kupishana. Ukiona gari linakuja na sehemu iko kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia kwako, simama usawa wake umwache yeye aingie, usikate kwenda kulia. Mkono unainua kumshukuru, kila mtu, kila mara, utachoka lakini ndo utamaduni. Ukiona nyuma yako kuna gari la mwenyeji linakufuata sana ingia pembeni umpishe, yeye anaenda kazini au hospitali, wewe uko likizo. Na sehemu ya kupishana haipakiwi, hata dakika mbili za picha, hata kama bahari hapo ni ya ajabu. Kondoo wanalala barabarani, wanapenda lami ya joto. Huko Harris upande wa mashariki kuna barabara inaitwa Golden Road, nyembamba inapinda kama utumbo, kwa gari refu iacheni, mpite magharibi.

Kulala. Watu wanasikia kwamba Uskoti unaruhusiwa kulala popote, wanakuja na hiyo. Ile sheria ya 2003 inahusu mtu anayetembea na hema lake, magari haiyahusu. Kuendesha gari kwenye shamba la mtu au kwenye majani bila ruhusa ni kosa. Na yale majani ya kando ya fukwe za magharibi, wenyewe wanayaita machair, yameota juu ya mchanga wa makombe, yana maua kiangazi na ndege wanataga humo, tairi moja linaacha kidonda cha miaka. Kwa hiyo kata kambi. Barra kambi ni chache, ndo uanze nayo mara tu feri ikithibitika. North Uist iko Balranald, kambi kando ya hifadhi ya ndege. Harris iko Horgabost, inaendeshwa na jamii ya pale pale, unalala unatazama mchanga mweupe. Sehemu nyingine, kwenye kumbi za vijiji na vibandari, kuna nafasi za gari moja moja unaweka hela kwenye boksi, hakuna mtu anayekuangalia, na mayai na keki pia utakuta kwenye viboksi barabarani unachukua unaacha hela. Tembea na sarafu. Choo cha kemikali mnamwaga kwenye kituo chake tu, kambini wanakuonyesha, kamwe si mtaroni.

Watoto mtawaona wamefurahi wapi? Barra, kiwanja cha ndege. Ndege inatua ufukweni kabisa kwenye mchanga, na ratiba yake inafuata maji kupwa na kujaa. Ni kiwanja pekee duniani chenye safari za kawaida kinachofanya hivyo. Angalieni ratiba siku mnayofika, simameni pembeni, ule mfuko wa upepo ukiwa juu hakuna kutembea ufukweni. Watoto wa Mombasa wanajua bahari lakini hii hawajaiona. Eriskay mwaka 1941 ilizama meli imebeba mzigo mkubwa wa wiski, wenyeji wakaenda kuzichota usiku, hadithi hiyo wa miaka 11 ataipenda. Njiani North Uist kuna vibao vya kutahadharisha fisi maji wanaovuka barabara. Harris, ufukwe wa Luskentyre, maji ya kijani utadhani Watamu mpaka uingize mguu, manake ni kama nyuzi 13 au 14, wakodishieni watoto nguo za kuogelea za mpira. Lewis, mawe ya Calanais yamesimamishwa miaka kama 5,000 iliyopita, na karibu na hapo Gearrannan kuna nyumba za zamani za mawe na makuti ya nyasi. Kwa siku moja ya Lewis hizo mbili zinatosha, mnara wa taa wa kule mwisho kabisa nendeni tu kama mmeamka mapema.

Hali ya hewa, Agosti mchana ni nyuzi 15 mpaka 17, na upepo. Majaketi ya mvua ya kweli, mwavuli acha nyumbani utavunjika siku ya kwanza. Na wale wadudu wadogo wanaitwa midge, wanauma jioni na asubuhi upepo ukitulia, upepo ukiwa unavuma kidogo tu hawaruki, kwa hiyo paki mahali pa wazi upande wa magharibi, usijifiche kwenye bonde lenye miti ukidhani umepata pazuri.

Swala. Stornoway kuna msikiti, ulifunguliwa 2018 mwezi wa Ramadhani, wa kwanza kwenye visiwa hivyo vyote, umejengwa kwa michango ya watu mtandaoni. Kwa ratiba niliyokupangia Ijumaa mtakuwa mnavuka kuingia Harris, kwa hiyo shem akitaka Ijumaa ya msikitini itabidi ukate feri ya asubuhi na umwendeshe, Leverburgh mpaka Stornoway si mbali sana, kutoka Tarbert peke yake ni kama saa moja. Isha Agosti inachelewa sana huku juu, pakua ratiba ya Stornoway kwenye simu kabla hamjaondoka, usitumie ya Leicester, na netiweki kuna sehemu haipo kabisa.

Nyama halali nunueni Glasgow kabla ya kupanda Oban, mabucha yapo mengi, mwambie akufungie vipande vidogo vidogo vilivyogandishwa, friza ya kempa ni ndogo kama boksi la viatu. Supamaketi ndogo za Castlebay na za Uist zina mboga, mayai na maziwa, za kutosha kabisa, ila viungo vya pilau hutaviona. Baada ya siku ya nne nyama ikiisha mnahamia baharini, kaa, kamba na samaki wabichi mnauziwa na wavuvi wenyewe bandarini au kwenye vibanda, bebeni ndimu zenu na pilipili.